Mguu Ndani ya Nembo

Usiku ule nililala na wino vidoleni. Nilinawa kwa sabuni, nikasugua kwa jivu, haukutoka, nikaona basi, wino si dhambi, nikapanda kitandani. Kazi ya Afande nilikuwa nimeiacha mezani ikikauka, nami nilikuwa nimeridhika nayo kuliko kazi yoyote niliyofanya mwaka ule. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba sikulala na hofu. Hofu ilikuja na ndoto.

Mimi ni mchoraji wa vibao hapa Mtwara. Kinyozi akitaka jina lake ukutani huja kwangu, na mama lishe akitaka sahani ya pilau inayotoa moshi huja kwangu pia. Afande Chitanda alipostaafu upolisi akafungua ofisi ya upelelezi binafsi karibu na stendi. Anatafuta waliopotea, anafuatilia mali iliyoibwa, na anachunguza wachumba kabla wazazi hawajapokea posa. Alikuja kutaka nembo.

"Ya kompyuta kila mtu anayo," aliniambia. "Mimi nataka ya mkono, kwa wino. Mtu akiiona ajue humu ndani kuna binadamu."

Nikamchorea jicho. Akalitazama, akanirudishia. "Dada Somoe, nani ataingia kwenye mlango unaomkodolea jicho? Watasema nina husuda." Nikamchorea lenzi ya kukuzia vitu, akaniuliza tangu lini amefungua mgahawa, maana yeye anaona kikaango. Ndipo akasema mwenyewe, "Chora unyayo. Lakini uwe wa kweli, wa mtu aliyepita."

Unyayo wa kweli nilikuwa nao nyumbani. Mdogo wangu Zuhura alikuwa amejificha kwangu. Alikuja na nguo alizovaa na mkono umevimba, akimkimbia mumewe, Bakari, kule Masasi, na Bakari alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba atampata hata akiingia shimo la panya. Ndugu wote aliwapigia simu. Nami alinipigia, nikamwambia sijamwona, tena nikamgeuzia kibao, nikamlilia kwamba kama amempoteza mdogo wangu basi aniletee haraka. Majirani walijua nina mgeni mgonjwa asiyetaka kelele. Siri ile niliilinda kama yai, mpaka siku niliyohitaji mguu.

"Hebu lete mguu," nilimwambia, naye akaleta. Nikampaka wino kwa brashi, akakanyaga karatasi, nikamfuta kwa kanga yangu mwenyewe. Hakusema neno, nami sikuona ajabu, kwa sababu siku zile hakuwa msemaji. Kisha nikakaa na kalamu ya kuchovya, nikauhamisha unyayo ule kwenye karatasi safi, mstari kwa mstari. Sasa, mguu wa Zuhura si wa kila mtu. Kidole cha mwisho kimepanda mgongo wa mwenzake, kama alivyokuwa marehemu Bibi yetu, na kisiginoni pana kipande kisicho na mistari, mahali alipoungua na mafuta ya maganda ya korosho tulipokuwa wadogo. Mchoraji mvivu angeviacha. Mimi nilivichora vyote, nikajipongeza. Asubuhi Afande angekuja kuichukua, aipeleke kwa mchapaji, na bango lipande juu ya mlango wake pale stendi ambapo mabasi ya Masasi hushusha watu.

Nikalala.

Nimesimama kwenye uwanja wa Bibi, kule Newala. Sikumbuki kufika. Kumepambazuka lakini jua halijatoka, na mchanga umefagiwa wote, mistari ya ufagio imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Bibi anafagia. Anafagia kinyumenyume, ameinama, mgongo wake unanijia, kama alivyokuwa akifagia enzi za uhai wake ili asikanyage kazi yake mwenyewe. Alikufa mimi na Zuhura tukiwa wasichana, na ndotoni nalijua hilo vizuri. Najua kwamba amekufa, na najua kwamba si adabu kumwambia.

Bibi yetu alikuwa akiusoma uwanja ule kila alfajiri. Angetoka nje kabla ya mtu yeyote, asimame kizingitini na kikombe chake cha uji, halafu aseme: huyu ni mbwa wa jirani, huyu ni kuku wetu, na huyu aliyepita hapa usiku hakuwa na nia njema, maana amekanyaga kwa vidole tu. Hakukosea. Wanaume wa mtaa walimwogopa kuliko mgambo.

Ananyooka. Uso wake unageuka, nami naziona nembo zake, ile mistari waliyochanjwa mabinti wa Kimakonde wa zama zake, kwenye paji la uso na mashavuni. Tulipokuwa wadogo tulikuwa tunaipitishia vidole mpaka atufukuze. Lakini asubuhi hii mistari haijakauka. Inang'aa kwa unyevu, nyeusi, na naogopa kwamba akitabasamu itachuruzika.

Hatabasamu.

"Mke mwenzangu," ananiambia, kama mabibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike. "Umebeba nini?"

Naangalia mikono yangu. Nimebeba kazi ya Afande.

"Nembo, Bibi."

"Ya nani?"

"Ya Afande. Ya ofisi yake."

"Nimekuuliza ya nani."

Naanza kumweleza mambo ya ofisi na ya mchapaji. Anainua kidole chake, anagusa shavu lake mwenyewe.

"Hii ilisema mimi ni wa nani," anasema. "Ningepotea, ningerudishwa kwa hii. Na hiyo yako, je? Inamrudisha nani? Inamrudisha kwa nani?"

Nikasema, "Bibi, ni picha tu." Sauti yangu ilitoka nyembamba, ya kitoto, na nilijua ninaongopa ingawa sikujua naongopa nini. Yeye akarudi kuinama. Akaendelea kufagia kinyumenyume, taratibu, akipita mbele yangu, kwaa, kwaa, na kila alipopita mchanga ulibadilika rangi, kutoka mweupe wa kwetu ukawa mwekundu.

Mchanga mwekundu ni wa nyumbani kwa Bakari.

Anayefagia si Bibi tena. Ni shemeji. Amevaa fulana yake ya ndani na suruali iliyopigwa pasi, anafagia kinyumenyume kutoka kwenye baraza kwenda kwenye geti, anapiga mluzi, na hakuna jani hata moja analoliacha. Wapita njia wanamsalimu na kumsifu. Nami namkumbuka, maana niliwahi kumwona hivi nikiwa macho, nilipokwenda kuwatembelea. Siku ile nilimwambia Zuhura, "Mwenzetu umepata mume wa kufagia. Sisi wengine tulipata wa kusonya." Mimi ni mtalaka, nina haki ya kutania mambo hayo. Zuhura hakucheka. Alisema, "Uwanja anafagia yeye, Dada. Kila siku kabla hajaenda kazini." Mimi nikaendelea kucheka peke yangu.

Sasa Bakari anafika getini. Anaegemeza ufagio, anatazama kazi yake yote kwa mara ya mwisho, anaondoka. Geti hajalifunga, na ndotoni naliona hilo geti lililo wazi, naona barabara nje yake, naona duka ng'ambo ya barabara.

Zuhura amesimama barazani na ndoo tupu mkononi. Jirani anamwita, njoo mwenzangu, bomba linatoka leo, njoo kabla halijakatika. Zuhura anainua mguu wake. Mguu unabaki hewani juu ya mchanga uliofagiwa. Kidole cha mwisho kimepanda mgongo wa mwenzake. Namwambia shuka, Zuhura, shuka tu, geti liko wazi, na yeye hanisikii, na mguu unatetemeka pale hewani mpaka yeye mwenyewe anaurudisha ndani taratibu na kumwambia jirani kwamba maji anayo.

Halafu ni siku nyingine, au ni ile ile, sijui. Nyayo zipo. Zinatoka barazani hadi getini na kurudi. Bakari amechuchumaa juu yake, suruali amekunja isichafuke. Hana hasira. Hilo ndilo lililonitisha. Ametulia kabisa, kama fundi saa. Anaweka kiganja chake ndani ya unyayo mmoja, anapitisha kidole pale kisiginoni palipo laini, anapapasa kule kwenye kidole kilichopanda, na bila kuinua kichwa anauliza kwa sauti ya upole, "Mke wangu, dukani ulifuata nini?"

Nilipiga kelele. Sauti haikutoka, lakini nilijisikia nikipiga, na mkono ulioshika karatasi ukawa mzito ukaniinamisha. Nikaitazama ile nembo. Mistari yote niliyoichora kwa kujigamba ilikuwa pale, pamoja na kipande cha kisigino nilichokiacha cheupe kwa ustadi. Duniani kuna mtu mmoja aliyeusoma mguu huu kila jioni kwa miaka, akaujua kuliko anavyoijua sala, na mimi nimekwenda kumchorea.

Nageuka nimtafute Bibi, na niko juu ya ngazi.

Ni pale stendi. Nimepanda ngazi mbele ya ofisi ya Afande, bango liko mbele ya pua yangu, limeshapigiliwa misumari, na unyayo umekuwa mkubwa, unanizidi kimo. Chini yangu kuna watu wamepanga mstari. Kila mmoja ameshika picha ya mtu wake, mama wa mtoto aliyepotea, mzee wa kijana aliyekwenda machimboni, na wote wamekaa kimya wanangoja mlango ufunguliwe. Nawaonea huruma. Natamani wote wapate wanaowatafuta. Kisha namwona wa mwisho, anayeshuka kwenye basi la Masasi na kujipanga nyuma yao. Suruali yake imepigwa pasi. Mkononi hana picha. Hahitaji.

Hajaangalia juu bado.

Naanza kung'oa misumari. Nang'oa kwa vidole, kwa kucha, kwa meno, na kila nikivuta mmoja vichwa vya mingine vinajitokeza. Mstari unasogea. Bakari anasogea nao, anasalimia watu, anampisha mama mmoja mjamzito apite mbele, ni mtu wa adabu sana. Nina kopo la wino kiunoni. Nachovya brashi, napaka unyayo, naufunika wote, na kila ninapopaka mistari inachomoza upya juu ya weusi, mibichi, inameta. Wino unaanza kudondoka. Tone moja linaanguka kwenye paji la uso wa Bakari. Analifuta kwa kidole. Anakitazama kidole. Anaanza kuinua kichwa, polepole.

"Bibi!" naita.

Yuko chini, ameshika ngazi. Sijui alikuwa pale tangu lini. Amekaza mikono yote miwili na ngazi haitikisiki, lakini yeye hanitazami, anatazama huko nyuma, upande wa nyumbani kwangu.

"Bibi, nifanye nini? Niambie nifanye nini!"

"Unaniuliza mimi?" anasema. "Mguu ni wangu?"

Kidevu cha Bakari kimeshainuka. Naona shingo yake, naona koo lake.

"Kamwulize mwenye mguu," anasema Bibi, na sasa ndiyo ananitazama, na zile nembo usoni mwake zimekauka, zimekuwa makovu ya siku zote ninayoyajua kwa vidole vyangu. "Upesi, mke mwenzangu. Anavaa viatu."

Akaiachia ngazi.

Nilizinduka nikiwa nimekaa, shuka limenizonga miguuni. Giza la alfajiri lilikuwa limeanza kufifia dirishani. Mezani karatasi ilikuwepo, imetulia, imekauka vizuri. Ungeniuliza wakati ule kama naamini ndoto, ningekwambia mimi ni mtu wa wino na rangi, mambo hayo nimewaachia wenyewe. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshashuka kitandani. Nikatazama mkeka wa Zuhura. Mkeka ulikuwa umekunjwa na kusimamishwa ukutani.

Nilimkuta ukumbini, karibu na mlango. Kifurushi chake kilikuwa sakafuni, kimefungwa kwa kanga. Alikuwa ameinama, ameegemea ukuta kwa mkono ule uliokuwa umevimba, na anajaribu kuvaa kiatu bila kufanya kelele. Kimoja alikuwa ameshavaa.

"Zuhura. Unakwenda wapi?"

Hakushtuka. Alibaki ameinama. "Sijui," akasema.

"Bibi amekuja."

Hapo ndipo alipoinua uso.

"Amekuja kwangu," nikasema, na machozi yalikuwa yananitoka hovyo, sikuyafuta. "Amenituma. Amesema nikuulize."

"Uniulize nini?"

"Nikuulize mwenye mguu. Sikukuuliza, Zuhura. Nilikwambia lete, ukaleta. Ulitaka?"

Msikiti wa mtaa wa pili ulikuwa unajaribu kipaza sauti.

"Mtu aliyefichwa hakatai kitu, Dada," akasema mwishowe. "Unanilisha, unanilaza, unadanganya watu kwa ajili yangu. Ukisema lete mguu, nitasema sileti?"

"Kwa nini hukuniambia lakini? Ningechora wa mtu mwingine. Ningechora wa bata!"

"Ulikuwa umefurahi. Ulikuwa unachora huku unaimba. Mimi sijakusikia ukiimba tangu nifike." Akakitazama kiatu mkononi. "Yule akiliona bango lile hatamhitaji Afande. Atauliza tu limechorwa na nani. Nikaona heri asinikute kwako. Anikute njiani peke yangu, wewe asikuguse."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale. Kwa hiyo mtoto yule hakuwa ananikimbia. Alikuwa anakwenda kumpokea Bakari barabarani ili mimi nipone. Nilimshika ule mguu usio na kiatu, nikaushika kwa mikono yote miwili, nikalia juu yake kama mtu aliyefiwa, na yeye akawa ananipapasa kichwa na kuniambia nyamaza Dada, utaamsha watu.

Nilipoweza kusimama nilikwenda mezani. Nikachukua nembo, nikachukua na ile karatasi aliyoikanyaga, nikampa zote mbili.

"Ni mguu wako," nikamwambia. "Sema wewe."

Alizishika akazitazama kwa zamu. Nilidhani atazichana palepale. Badala yake alizipeleka jikoni, akazipanga vizuri chini ya mkaa kwenye jiko, akawasha kiberiti, akabandika maji ya chai juu yake. Tulikaa tukiangalia moto mpaka birika likaanza kulia.

"Sasa Afande utamwambia nini?" akaniuliza. "Si anakuja asubuhi hii?"

"Sijui. Nitamwambia panya wamekula. Nitamchorea ule wangu."

"Wako pia hapana. Wako naujua mimi, anaujua na aliyekuacha." Akamimina chai, akanisogezea kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu afike kwangu nikaona pembe ya mdomo wake ikicheza kama zamani. "Wewe mwambie alete wa kwake. Si yeye ndiye anayetaka kufuata watu?"

Kumbe ndicho nilichotumwa kukiuliza, na jibu lilikuwa limekaa kwangu siku zote, limelala kwenye mkeka. Nikatia wino mpya kwenye kisahani. Zuhura akaingia chumba cha ndani, akafunga mlango, nikasikia viatu vyake vikidondoka sakafuni, kimoja, halafu cha pili. Jua lilipotoka, Afande alikuja. Nilimfungulia hata hajamaliza kupiga hodi.

"Karibu, Afande," nikamwambia. "Vua kiatu."